Folda ya Mama wa Woodley

Dum-dudum. Ndivyo kompyuta ya kazini ilivyokuwa ikiamka. Mlio wa ngoma ndogo, mtamu, kama mtu anayepiga meza ya mbao kwa ncha za vidole, halafu skrini inakuuliza neno la siri. Asubuhi nyingi niliusikia huku nikivua sweta na kutafuta pa kuweka chai, na kwangu ulikuwa kama salamu. Ijumaa ile niliusikia, nikaandika neno la siri, nikabonyeza Enter, skrini ikawa nyeusi kidogo, halafu: dum-dudum. Ikarudi palepale. Ikaniuliza neno la siri upya kana kwamba haijawahi kuniona.

Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika tena polepole, nikitazama kila kitufe. Dum-dudum. Nikazima, nikawasha. Dum-dudum. Mlio uleule niliokuwa nikiupenda ukawa kama mtu anayebisha hodi, ukifungua mlango hayupo.

Nyuma yangu, kwenye benchi la wateja, mzee wa mtaa wa Woodley alikuwa ameketi na kofia yake magotini. Kesho yake alikuwa anamzika mkewe. Alikuja kuchukua programu za mazishi, vile vijitabu wanavyogawiwa watu kanisani, vyenye nyimbo, wasifu wa marehemu na picha. Havikuwa vimechapwa. Nilikuwa nimebakiza kupanga picha tu, kisha nichape. Kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta ile, na picha zenyewe hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Hilo la mwisho ndilo lililonikausha mate. Siku iliyotangulia mzee alikuwa amekuja na simu ya mkewe. Kwenye duka letu la uchapaji tulikuwa na desturi: mfiwa akileta simu, hatumwambii achague picha. Nani ana moyo wa kumkalisha mtu aliyefiwa jana mbele ya mashine na kumwambia, sema hii au ile? Tunachomeka waya na kumwaga simu nzima. Picha, video, sauti, hata yale maua ya kutakiana asubuhi njema yanayozunguka kwenye makundi ya kanisa. "Mwaga zote, mwanangu," mwenye duka alikuwa akiniambia, "kuchagua tutachagua sisi." Nikamwaga zote. Mzee akaondoka na simu mfukoni mwa koti, na kabla hajafika steji ya matatu, watu wa River Road, mtaa wa duka letu, walikuwa wameshamsaidia kuibeba.

Alitueleza hayo Ijumaa asubuhi alipoingia, bila hasira, kama anayesimulia mvua ya jana.

"Walichukua tu simu," alisema. "Picha si ziko kwenu?"

"Ziko, Guka," nikamjibu, nikimwita babu kwa Kikikuyu, mkono wangu ukiwa tayari kwenye kitufe cha kuwashia.

Simu yake mwenyewe ilikuwa ile ya vitufe yenye tochi. Haikuwa na picha hata ya paka.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi wa kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi fupi ya kompyuta katika chuo kilicho juu ya duka la vyombo, chuo ambacho ngazi zake zilikuwa ndefu kuliko masomo yake. Nilijifunza kuchapa, kupanga kurasa, kusafisha picha. Vingine vyote nilikuwa naviota. Njiani kila asubuhi kutoka nyumbani Kabiria nilikuwa napanga studio yangu mwenyewe: kadi za harusi, majalada ya vitabu vya watoto, jina langu juu ya mlango kwa rangi ya manjano. Sikuwahi kuota nikiwa mbele ya skrini nyeusi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa, ya mtumba, sanduku lake limekaa chini ya meza kama mbuzi aliyefungwa. Aliyetuwekea mfumo wa Linux ni fundi mmoja kijana aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu kwenye korido yetu. Alisema flashi za wateja wa River Road zina virusi kuliko zahanati, na mfumo ule hautaugua. Kweli haukuugua. Kisha yeye akapata kazi ya stoo huko Ghuba, akaaga, akatuachia namba yake na kijikaratasi cha neno la siri kilichobandikwa chini ya kibodi.

Nikampigia. Hakupokea. Nikamtumia ujumbe: Mashine imekataa kuingia, inarudi tu kwa paswadi, na kuna mzee hapa anazika kesho.

"Kuna nini?" mwenye duka aliniuliza kutoka kaunta. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, mkubwa wa umbo na mwepesi wa huruma, mwenye sauti ya kusikika hadi ghorofa ya chini. Kwao mtu akifa huzikwa siku hiyohiyo, hakuna kijitabu wala picha, lakini miaka aliyokaa mjini ilikuwa imemfanya aheshimu mambo ya wafiwa wa huku kuliko wenyewe. Sheria yake kubwa dukani ilikuwa moja: folda ya marehemu haifutwi. Na kwa sababu hakupenda majina ya watu yazagae kwenye skrini kila mteja akayasoma, folda ziliitwa kwa mtaa walikotoka wafiwa. Baba wa Riruta. Kijana wa Kangemi. Nyanya wa Kabiria.

"Hakuna kitu, Mama," nikasema. "Imechelewa kuamka."

"Hata mimi siku hizi," mzee akasema kutoka benchi, akacheka kidogo, akajikohoza. Nami nikacheka, na kicheko changu kikatoka kama kikohozi chake.

Simu ikatetemeka. Fundi.

"Niaje siz. Ikirudi paswadi hivyo mara nyingi disk imejaa. Niko break, harakisha. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Usiogope."

Mtu akikwambia usiogope kabla hujaona kitu, unaanza kuogopa hapo hapo. Nikabonyeza. Picha ya mlima iliyokuwa kwenye skrini ikatoweka, vitufe vya rangi vikatoweka, mshale wa mausi ukatoweka. Pakabaki weusi mtupu na mstari mmoja wa maandishi meupe juu kabisa, ukidai jina. Nilihisi nimefungua mlango wa jikoni nikakuta nyumba haina upande wa pili.

Nikaandika jina la mashine. Ikataka neno la siri. Nikaandika, na hakuna kilichoonekana. Hakuna herufi, hakuna hata zile nyota.

"Haiandiki!" nikamwambia fundi.

"Inaandika, haikuonyeshi tu. Ndio ilivyo. Maliza ugonge Enter."

Nikaandika gizani. Nikagonga. Ikaniruhusu, na kaalama kadogo ka dola kakakaa mwisho wa mstari kakinisubiri.

Fundi akatuma amri ya kwanza, fupi. Nikainakili herufi kwa herufi. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haipo. Kumbe simu yake ilikuwa imeanza sentensi kwa herufi kubwa, na mashine ile haina mchezo na herufi kubwa. Nikarudia kwa herufi ndogo: df -h. Safari hii ikatema mistari, na kwenye mstari mmoja, mwishoni, kulikuwa na asilimia mia.

"Si nilikwambia," fundi akaandika. "Imejaa pomoni. Haina hata pa kuweka mguu ndio maana hauingii. Sasa tuangalie nani amekalia nafasi."

Akanipa amri nyingine, ndefu, ya kupima kila folda. Nikaandika huku nikinong'ona kila alama. Nyuma yangu mzee akaanza kumsimulia mwenye duka habari za mkewe, kwa sauti ya chini, na mimi masikio yangu yakawa kule na macho yakawa huku.

"Hakupenda kupigwa picha," mzee alikuwa akisema. "Ukitoa simu anageuka. Sasa kuna hiyo moja ameshika jembe kwa ile shamba yetu ndogo ya nyuma ya nyumba. Amecheka mpaka macho imefunga. Hiyo ndiyo mimi nataka mbele. Zingine hata zikikosa, sawa. Lakini hiyo."

"Utaipata, babu," mwenye duka akamwambia. "Mtoto huyu mikono yake ina baraka."

Mikono yenyewe ilikuwa inateleza jasho kwenye kibodi.

Matokeo yakaja. Folda zote zilikuwa za kawaida isipokuwa moja iliyojificha, ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa imevimba kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Fundi akaniambia niingie ndani yake, niingie tena ndani ya ile ya ndani, mpaka nikafika mahali panapoitwa Trash.

"Hahaha," akaandika. "Ni takataka tu siz! Mlikuwa mnatupa vitu na hamjawahi kumwaga pipa. Rahisi hiyo. Andika hii, gonga Enter, kwisha. Lakini chunga, rm ikifuta imefuta. Break imeisha. Nitakucheki."

Na chini yake akaacha amri ya kumwaga pipa lote.

Nikaiandika yote. Nakumbuka ilivyokaa pale, nyeupe juu ya weusi, imekamilika, inasubiri kidole kimoja. Kwenye skrini ya kawaida ukifuta kitu, mashine inakuuliza: una hakika? Inakupa nafasi ya kusema hapana. Pale hakukuwa na swali. Nilijua nikigusa Enter, hakuna mtu atakayeniuliza kitu.

Nilijiambia: takataka ni takataka. Nilijiambia fundi anajua kuliko mimi. Mzee alikuwa anasubiri, vijitabu vilihitaji kuchapwa, kukunjwa, kubanwa pini. Kidole kikashuka mpaka nikahisi ubaridi wa kitufe.

Kisha nikawaza: takataka gani? Sisi hapa hatufuti kitu. Sheria ni ya Mama na hakuna anayethubutu. Pipa la watu wasiotupa limejaaje?

Nikainua kidole. Nikafuta ile amri herufi moja moja, nikienda kinyumenyume, pumzi nimeibana, nikiogopa nisije nikagusa Enter kwa bahati mbaya. Badala yake nikaandika ls, amri ndogo ambayo fundi alikuwa amenionyesha, ya kuorodhesha tu vilivyomo, haigusi kitu. Nikagonga.

Majina yakajaa skrini. Baba wa Riruta. Kijana wa Kangemi. Nyanya wa Kabiria. Mama wa Satellite. Mapacha wa Kawangware. Wote tuliowahi kuwachapia walikuwa mle. Na katikati yao, ndani ya alama zake za kunukuu, 'Mama wa Woodley'.

Nilishika ukingo wa meza. Niliona ile amri niliyoifuta kama bado iko pale, na kidole changu kama bado kiko juu ya kitufe, na nikaona nikigeuka kwenye kiti kumwambia mzee yule mpole, mwenye kofia magotini, kwamba picha ya jembe nimeitupa mimi, saa hii, akiwa amekaa hapo nyuma yangu.

"Mama," nikaita. "Njoo kidogo."

Akaja akiburuta kandambili. Nikamnong'oneza, "Nani alitoa folda ya Mama wa Woodley kwa skrini?"

"Mimi," akajibu hapo hapo, bila wasiwasi. "Jana babu alipokuwa amekaa hapa, uso wa mkewe umejaa tele kwenye skrini, vipicha vidogo vidogo. Nikamwona machozi yanamlenga. Ulikuwa umekwenda kununua karatasi. Nikaona huyu mtu anateseka bure, nikamchukua mkewe nikamweka stoo."

"Stoo gani, Mama?"

"Stoo si hiyo hapo, kile kindoo cha kwenye pembe. Wote nawaweka humo wakishazikwa, skrini ipate kuwa safi. Ukitaka mtu unafungua unamkuta. Nimekosea?"

Nilimtazama usoni. Hakukuwa na mahali pa kukwepea.

"Mama, kile si stoo. Ni pipa la taka. Wote wako kwa pipa. Na sasa hivi nimeambiwa nilimwage."

Mkono wake ukaenda kifuani. "Jalala?" akasema, taratibu kabisa. "Subhanallah. Muda wote huu nawaweka maiti za watu jalalani?"

"Si maiti, Mama. Picha."

"Ni wao, mwanangu. Ni wao!" Akajivutia kiti, akaketi kwa uzito, akaniangalia kama mtoto aliyevunja kikombe cha mgeni. Kisha akanishika bega. "Umemwaga?"

"Bado."

"Usimwage. Wallahi usimwage hata mmoja. Mtoe huyu kwanza."

Nikamwandikia fundi. Ujumbe ukaenda, ukakaa na alama moja ya kijivu. Alikuwa amezima simu, yuko kazini. Tukabaki mimi, skrini nyeusi na mwanamke wa Mombasa anayesoma dua kwa kunong'ona.

Mzee akanyanyua shingo. "Msichana wangu, hiyo mashine imekataa kabisa? Niambie tu. Mimi nimezoea kuambiwa."

Hilo "nimezoea kuambiwa" liliniumiza kuliko kama angenigombeza. Nikageuka.

"Haijakataa, Guka. Picha nimeziona. Ziko mahali pabaya, nataka kuzitoa bila kuziangusha."

"Basi enda pole pole," akasema. "Mimi sina haraka. Hata yeye hana."

Fundi wakati fulani alikuwa ametaja amri ya kuhamisha vitu, mv. Nikaiandika, nikaandika Mama wa Woodley, nikaandika mahali pa kumpeleka, nikagonga. Mashine ikanijibu mistari mitatu. Mama, hakuna kitu kama hicho. wa, hakuna. Woodley, hakuna.

Kwa pumzi kadhaa niliamini. Niliamini kabisa kwamba nimemvunja vipande vitatu na vyote vimepotea. Mwenye duka alikuwa anasoma mdomo wangu. "Imesema nini? Mbona umekuwa hivyo? Imesema nini?"

"Imesema hayuko."

"Si nimemwona pale! Ule mstari pale, nimemwona!"

Nikaandika tena ls, nikakosea, nikairudia. Majina yakaja. Alikuwa bado pale, mzima. Ndipo nilipotazama vizuri zile alama za kunukuu zilizomzunguka. Kila jina lenye nafasi katikati lilikuwa nazo, mwanzo na mwisho, kama kamba iliyofunga mzigo. Nilipoandika bila alama hizo, mashine ilimhesabu kuwa watu watatu tofauti. Sikuwa na uhakika, hakuna aliyeniambia. Nilikisia tu, kama mtu anayejaribu funguo gizani.

"Mama, nikikosea je?"

Nilitaka aseme hutakosea, lakini hakuwa mtu wa kusema uongo kwenye mambo mazito. "Sema bismillahi," akasema, "au la kwenu lolote. Halafu fanya."

Nikasema la kwetu. Nikaandika mv, nikamfunga Mama wa Woodley ndani ya alama zake, nikaandika mahali pa kwenda, nikasoma mstari wote tangu mwanzo, nikausoma tena. Enter.

Hakuna kitu. Mashine haikusema chochote. Haikusema imefanya, haikusema imekataa. Ilirudisha tu ile alama ya dola, kimya kama ukuta. Kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko yote ya siku ile, maana kosa walau linakuambia kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mashine za namna ile zikinyamaza ndiyo zimekubali, lakini wakati huo nilisikia tu moyo wangu na mashine ya kukata karatasi ya chumba cha jirani.

Nikaenda kwenye ile folda niliyompeleka. Nikaandika ls.

Alikuwa amefika.

Nilicheka kwa nguvu, machozi yakinitoka, na mwenye duka akanipiga mgongoni hadi nikaparamia kibodi. "Yuko! Babu, yuko!" akapaza sauti, mpaka vijana wa kutengeneza stika kwenye korido wakachungulia kuuliza nani kapatikana. Mzee alisimama, akavaa kofia, akaivua tena. Hakuelewa tulichokuwa tunashangilia. Akasema tu, "Asante," kwa heshima, kama mtu aliyepewa kiti.

Lakini diski ilikuwa bado imejaa, na mlango wa kawaida bado ulitufungia nje. Nilihitaji kufuta kitu, na kila kilichokuwepo cha kufuta kilikuwa cha mtu. Mwenye duka aliyasoma majina ya kwenye pipa moja moja kwa kidole, akikumbuka kila mmoja alivyoletwa. "Huyu mamake alilia mpaka akazimia hapa mlangoni. Huyu hapana. Huyu nduguze walikuja na simu imepasuka kioo. Hapana." Alifika mwisho bila kumtoa hata mmoja, na mimi sikuwa na nguvu za kumshawishi. Nilimwelewa. Kukaa tu kwenye meza yangu kulikuwa kumenifanya nizijue nyuso zile.

Fundi akarudi hewani wakati wa mlo wake. Nikamweleza yote bila kupumua.

"Siz," akaandika. "Pole sana. Ningekuua na hiyo amri yangu."

"Nifute nini sasa?"

"Usifute watu. Kuna vipicha vidogo mashine hujitengenezea yenyewe kila mkifungua folda. Hizo si za mtu. Itajitengenezea zingine. Toa hizo tu, itapata pa kupumulia."

Nikamuuliza ana hakika. Akasema ana hakika. Nikamuuliza tena. Akatuma ujumbe wa sauti, akiongea huku akitafuna: "Haki ya Mungu, hakuna mtu humo." Hata hivyo niliingia kwanza nikaangalia. Mlikuwa na majina marefu ya herufi na tarakimu zilizochanganyika, hakuna mama wala baba wa mtaa wowote. Ndipo nikaandika rm kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilifumba macho nikigonga, jambo la kijinga, kwa sababu kufumba macho hakumsaidii yeyote.

Nikarudi kwenye skrini ya kawaida. Nikaandika neno la siri. Weusi ukaja, ukakaa, ukakaa zaidi, nami nikasikia mwenye duka ameshika nyuma ya kiti changu kwa mikono yote miwili. Kisha mlima ukatokea, na vitufe, na mshale wa mausi. Sijawahi kupenda mlima kama ule.

Picha ya jembe ilikuwepo. Mama mfupi mwenye kitambaa kichwani, macho yamefumba kwa kicheko, matope hadi vifundoni. Nilimwita mzee aje aione. Alisogeza uso karibu na skrini hadi pumzi yake ikafanya ukungu.

"Huyo," akasema. "Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nimeanguka kwa mfereji."

Tuliiweka mbele. Tulichapa, tukakunja, tukabana, sisi watatu, maana mzee alikataa kukaa tu. Alikunja vibaya, na mwenye duka alikuwa akizichukua karatasi alizokunja na kuzinyoosha kisirisiri chini ya kaunta. Alipoondoka, mwenye duka alimsindikiza mwenyewe hadi steji, amebeba bahasha kifuani kwa mikono miwili, akitazama kila mpita njia kwa jicho la kumwambia jaribu uone.

Nikabaki dukani peke yangu. Nilikuwa nimenunua flashi mpya, nikaanza kunakili kila kitu cha yule mama, nimpelekee mzee huko Woodley baada ya mazishi. Mstari wa kunakili ukafika mwisho. Ningeweza kuichomoa na kwenda nyumbani, lakini hofu ilikuwa haijanitoka mwilini. Nikafikiri, na kama zimeenda zikiwa zimeharibika? Nikafungua picha moja, ikafunguka. Nikafungua video, ikaenda. Zikabaki sauti, zile jumbe alizokuwa akimtumia bintiye. Nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza mmoja ili nijue tu kama unasikika.

Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoitarajia. Nyuma yake kulikuwa na maji yanayochemka. "Mwambie baba yako akipitia sokoni alete kitunguu," alikuwa anasema, "na umwambie pia..."

Nikabonyeza kusimamisha. Unasikika. Hayo mengine hayakuwa yangu kuyasikia. Nikavua spika, nikachomoa flashi, nikaifunga ndani ya leso safi.